Pikipiki ya rejeta inachemsha: dalili, chanzo na dawa yake

Dereva akifika gereji na guta linalofuka mvuke, neno lake huwa moja: "Fundi, inachemsha." Dawa anayopewa nayo mara nyingi huwa moja: thamostati (vali inayofungua na kufunga njia ya maji ya kwenda rejeta kulingana na joto) inang'olewa na kutupwa, feni inaungwa moja kwa moja kwenye betri, rejeta inajazwa maji ya bomba, lete hela. Baada ya muda guta linarudi na mvuke uleule. Linarudi kwa sababu hakuna aliyeuliza linachemsha wakati gani. Likiwa foleni? Likipanda mlima? Likiwa halijamaliza hata dakika tano tangu liwashwe? Jibu la swali hilo peke yake linaondoa nusu ya vitu ambavyo ungefungua bure.

Maelezo haya ni ya injini zinazopozwa kwa maji: maguta ya mizigo ya matairi matatu, bajaji kama TVS King Duramax, na pikipiki kama Pulsar NS200, Dominar 400 na KTM Duke 390. Boxer na HLX za bodaboda hazina rejeta, zinapozwa na upepo. Hizo zikipata joto kupita kiasi, angalia matope kati ya mapezi ya silinda, kiasi cha oili, na kabureta. Pulsar 220F nayo isikuchanganye: kile kidude kinachofanana na rejeta ndogo pale mbele kinapitisha oili, wala usikitafutie mahali pa kutilia maji.

Kabla hujashika spana

Mfuniko wa rejeta haufunguliwi injini ikiwa ya moto. Mifuniko mingi ya pikipiki inashikilia presha ya bar 1.1 hivi, na kwa presha hiyo hata maji matupu hayachemki mpaka yakaribie nyuzi 120. Ukifungua, presha inaondoka, na maji yaliyokuwa nyuzi 110 yanageuka mvuke palepale, mkononi na usoni. Kuweka tambara na kufungua "kidogo kidogo" hakubadilishi kitu. Subiri nusu saa au zaidi, kisha binya mpira wa juu wa rejeta: ukiwa bado mgumu, kaa chini unywe chai.

Wala usiimwagie injini ya moto maji ya baridi. Hedi, yaani kichwa cha injini, ni ya aluminiamu, na ikipozwa ghafla upande mmoja inapinda au inapasuka.

Ukiwa barabarani na mshale wa joto unapanda, lakini mvuke haujaanza, shusha gia, punguza mwendo, na ukisimama hakikisha feni inazunguka. Mvuke ukishatoka, zima. Zile kilomita mbili za "nifike tu pale mbele" ndizo zinazopindisha hedi. Na kuna jambo moja linalowaponza wengi: sensa ya joto inasoma maji, haisomi chuma. Maji yakiisha kabisa inabaki inaning'inia kwenye hewa, na mshale unaweza kushuka wakati injini inaungua. Mshale ukipanda sana, kisha ukaanguka ghafla huku pikipiki imepoteza nguvu, usifurahi. Zima.

Foleni inachemsha, ikitembea inapoa

Pikipiki ikitembea kilomita 40 kwa saa, upepo wa barabara unatosha kuipoza rejeta. Ikisimama kwenye mataa ya barabarani mchana wa Januari, kazi yote inabaki kwa feni. Kwa hiyo tatizo la namna hii lina mshukiwa mmoja mkuu, nawe huna sababu ya kufungua hedi wala pampu kwanza.

Ukiwa na uhakika maji yamejaa, washa injini, iache kwenye mlio wa chini, bila kuongeza mafuta, na usubiri. Pikipiki nyingi huwasha feni maji yakiwa kati ya nyuzi 95 na 105. Ikiwa mshale umefika juu na feni iko kimya, fuata umeme hatua kwa hatua. Anza na fyuzi. Kisha chomoa soketi ya feni na uipe mota umeme wa moja kwa moja kutoka kwenye betri. Isipozunguka, mota imekufa au imejaa matope, na hapo umeshapata jibu. Ikizunguka, nenda kwenye swichi ya joto, ile iliyofungwa ubavuni au chini ya rejeta. Swichi ya nyaya mbili: chomoa soketi yake, unganisha nyaya hizo mbili kwa kipande cha waya, huku swichi ya ufunguo imewashwa. Swichi ya waya mmoja: gusisha waya huo kwenye chesisi. Feni ikiwaka, swichi ndiyo mbovu. Feni isipowaka na mota ni nzima, tafuta rilei (swichi ndogo ya umeme inayowasha feni), au waya uliokatika karibu na shingo ya usukani, mahali ambapo nyaya hukunjwa kila unapokata kona.

Kwenye pikipiki nyingi za injekta, zisizo na kabureta, hakuna swichi hiyo. Kompyuta ndiyo inayoamua, kwa kusoma sensa. Nyingi kati ya hizo, ukichomoa soketi ya sensa huku injini inaunguruma, kompyuta inahofia mabaya na kuwasha feni yenyewe. Ikifanya hivyo, mota na nyaya zake ni nzima, na macho yanahamia kwenye sensa.

Kosa linalopita macho ya wengi ni feni inayozunguka kinyume. Mota yenyewe ni ya umeme wa betri, na nyaya zake zikibadilishwa inazunguka upande wa pili bila kulalamika. Ukiitazama unaona inazunguka, unaridhika. Kumbe badala ya kuvuta hewa kutoka mbele kupitia rejeta kwenda nyuma, inachukua hewa ya moto ya injini na kuisukuma mbele, na pikipiki ikitembea inashindana na upepo wa barabara. Hili hutokea sana baada ya soketi kukatwa na nyaya kufungwa kwa mkono. Chukua karatasi ya daftari, iweke mbele ya rejeta wakati feni inafanya kazi. Inatakiwa ivutwe na kunata kwenye mapezi. Ikipeperuka kukujia, badilisha nyaya. Ikiwa feni ya pikipiki yako imefungwa mbele ya rejeta badala ya nyuma, mambo ni kinyume: hiyo inasukuma, na karatasi utaiwekea upande wa injini.

Feni inayozunguka kivivu ni kesi ya umeme mdogo. Pima betri kwa mita injini ikiwa na mwendo kidogo: unatafuta volti 13.5 hadi 14.5. Kuna maguta yana spika mbili, taa za rangi chini ya bodi na chaja za simu tatu, halafu mwenyewe anashangaa feni imekosa nguvu.

Je, kuifunga feni izunguke muda wote ni kosa? Si dhambi kubwa, lakini mota yake itaisha mapema, na ikiwa imeungwa bila kupitia swichi ya ufunguo, asubuhi utakuta betri imelala. Mimi nakubali swichi ya mkono iliyowekwa sambamba na swichi ya joto, kwa ajili ya dharura. Swichi ya mkono iliyowekwa badala ya ile ya joto ni kumtegemea dereva akumbuke, na dereva ana mambo mengi kichwani.

Foleni haina shida, mlimani au na mzigo inachemsha

Hapa feni inafanya kazi yake, ila joto linalozalishwa limezidi uwezo wa rejeta kulitoa. Ndiyo malalamiko ya wanaopanda Kitonga au Sekenke, na ya maguta ya mchanga.

Anza nje, kwa sababu nje ni bure. Tairi la mbele linarusha matope moja kwa moja kwenye rejeta, na matope yakikauka kati ya mapezi hewa haipiti tena. Piga magoti umulike tochi kutoka nyuma ya rejeta: mahali usipoona mwanga, pameziba. Lowesha kwa maji ya sabuni, acha yalainike, kisha suuza kwa mpira wa maji wa kawaida kutoka nyuma kuja mbele, upande uleule uchafu ulikoingilia. Mashine ya presha ya kuoshea magari iache kando. Ikishikwa karibu inalaza mapezi yote, na pezi lililolala ni sawa na lililoziba. Yaliyolala yanyanyue taratibu kwa bisibisi bapa ndogo, jioni moja inatosha.

Tazama pia kilichowekwa mbele ya rejeta. Turubai la mvua lililofungwa mpaka chini, bango la biashara, kipande cha bati kilichowekwa "kuzuia matope". Vyote hivi vinazuia upepo kuliko matope yenyewe.

Nje pakiwa safi, tatizo liko ndani. Maji ya kisima yenye chumvi yakichemshwa siku baada ya siku yanaacha magamba kwenye mirija ya rejeta, na silinda yenye silivu (bomba la ndani) ya chuma inaongeza kutu. Kama una kipimajoto cha infraredi, pita nacho juu ya uso wa rejeta injini ikiwa imeshapata moto. Joto linatakiwa lishuke polepole kutoka upande maji yanapoingilia hadi yanapotokea. Eneo la baridi katikati ya eneo la moto ni mirija iliyoziba. Bila kipimajoto, zima injini na ufunguo, kisha hisi kwa kiganja, bila kukikandamiza. Ifungue rejeta, ipitishie maji kwa nguvu kinyume na njia yake ya kawaida mpaka yatoke meupe. Dawa ya kusafishia rejeta ipo madukani. Asidi ya betri na dawa ya choo, ambazo kuna mafundi huzitumia, zinakula aluminiamu, na rejeta inayotoka imesafika inaanza kuvuja mwezi unaofuata.

Pampu ya maji ina dalili zake. Injini ikiwa ya moto, mpira wa juu wa rejeta unaunguza na wa chini ni baridi kabisa, basi maji hayatembei. Ni kawaida wa chini kuwa na joto dogo zaidi, lakini usiwe kana kwamba pikipiki haijawashwa. Fungua kifuniko cha pampu utazame feni yake ya ndani: mabawa yameliwa na kutu? Kama ni ya plastiki, inazunguka na shafti yake au inateleza? Ishike kwa vidole ujaribu kuizungusha. Ikizunguka peke yake, umempata mwizi. Halafu rudisha, jaza maji, washa, ongeza mwendo huku ukitazama mpira wa chini unaopeleka maji kwenye pampu. Mpira mzee uliolainika unanyonywa na kujibana mwendo ukipanda, ukiachia mafuta unarudi kawaida. Ndiyo maana ukiukagua pikipiki imezimwa huoni kitu.

Na mzigo? Guta lililotengenezwa kubeba kilo 500 likipakiwa mifuko 20 ya saruji limebeba tani moja nzima. Hapo hakuna kibovu cha kutengeneza. Lakini usimlaumu mwenye guta kabla hujainua nyuma na kuzungusha matairi kwa mkono: breki za nyuma zinazong'ang'ania zinaifanya injini ivute mzigo usioonekana. Baada ya mwendo mfupi bila kugusa breki sana, sogeza mkono karibu na ngoma za breki. Iliyo ya moto kuliko mwenzake ndiyo inayokaba. Klachi inayoteleza nayo inakupa mlio mkubwa na mwendo mdogo, na huo mlio ni joto.

Inachemsha dakika chache tu baada ya kuwashwa

Vitu vitatu: thamostati iliyogoma kufunguka, hewa iliyonasa, au gasketi ya hedi. Anza na kilicho rahisi.

Kwenye pikipiki nyingi thamostati iko pale maji yanapotokea kwenye injini. Ikigoma imefungwa, mshale unapanda mpaka juu wakati mpira unaokwenda kwenye rejeta bado ni wa baridi. Ifungue. Pembeni yake utaona namba imegongwa, 71 au 82 kwa mfano, ambazo ni nyuzi inazoanzia kufunguka. Itundike kwa uzi ndani ya sufuria ya maji baridi, isiguse chini, weka kipimajoto, washa jiko. Ikifika karibu na namba yake unaiona inaanza kunyanyuka, na nyuzi kama 10 au 15 mbele iwe imefunguka milimita kadhaa. Ukiwa Mbeya au Nairobi maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi kwa sababu ya mwinuko, lakini kwa thamostati ya 71 au 82 bado ni moto wa kutosha kukupa jibu. Isipofunguka, au ikifunguka nusu, nunua nyingine.

Kuhusu kuitoa na kuendelea bila hiyo: najua ndiyo desturi, na najua hoja yake ni kwamba huku kwetu hakuna baridi. Hoja hiyo ina kasoro. Thamostati ipo ili injini ifike joto lake la kazi haraka na kubaki hapo. Bila hiyo injini ya asubuhi inatembea ya baridi muda mrefu, petroli inaliwa zaidi, unyevu unabaki kwenye oili na ringi zinasagika. Isitoshe, injini nyingine zina njia ya pembeni ambayo thamostati ikifunguka huiziba. Ukiitoa, njia hiyo inabaki wazi, na sehemu ya maji inazunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta kabisa. Unaweza kuitoa thamostati ukaifanya pikipiki ichemshe zaidi.

Hewa iliyonasa huja baada ya mtu kumwaga maji na kujaza haraka. Dalili yake ni mshale unaocheza juu na chini, na sauti ya maji yanayobubujika. Dawa yake iko mwisho, kwenye kujaza.

Maji yanapungua

Tafuta kwanza tone linaloonekana. Miisho ya mipira yote, klipu zilizolegea, mishono ya rejeta pale matenki ya pembeni yanapoungana na mirija. Maji yenye kulanti (dawa ya kupozea inayochanganywa na maji ya rejeta) yakikauka yanaacha alama ya kijani, ya pinki au nyeupe, ifuate mpaka juu kabisa inapoanzia. Injini ikiwa ya moto tone linakauka kabla hujaliona, kwa hiyo kagua asubuhi ikiwa baridi.

Chini ya pampu kuna tundu dogo ambalo wengi hudhani ni la bolti iliyopotea. Usilizibe! Liko kati ya sili ya maji na sili ya oili. Likitoa maji, sili ya maji imekwisha. Likitoa oili, ni ile ya oili. Kuna watu wameliziba kwa gundi ya chuma, maji yakakosa njia ya kutokea, yakaingia kwenye oili, na sili ya bei ndogo ikageuka injini ya kufanyiwa ovaholi.

Kama chupa ya akiba inajaa mpaka kufurika huku rejeta ikipungua, shuku mfuniko. Mfuniko una vali mbili. Moja inaachia maji ya moto yaende kwenye chupa presha ikizidi, nyingine inayarudisha injini ikipoa. Vali ya kurudisha ikigoma, maji yanakwenda bila kurudi, na mipira ya rejeta inajibana usiku kama imenyonywa. Raba ya presha ikichoka, maji yanachemka mapema kwa kuwa presha haishikiliwi. Kagua raba zote mbili, na ukibadili weka mfuniko wenye namba ileile iliyoandikwa, 0.9 au 1.1. Mkubwa zaidi si bora zaidi, unatafuta sehemu dhaifu ya kupasulia. Mpira mwembamba unaokwenda kwenye chupa nao uwe mzima na ncha yake izame kwenye maji, la sivyo injini ikipoa inanyonya hewa.

Mayai mabichi, unga na pilipili ndani ya rejeta vinaziba tundu kweli. Vinaziba na mirija. Kama ni kukutoa porini ufike mjini, fanya, ila ukifika isafishe rejeta siku hiyohiyo.

Gasketi ya hedi

Nimeiacha mpaka hapa makusudi, kwa sababu ndiyo inayotajwa haraka na ndiyo yenye gharama. Mara nyingi gasketi huungua kutokana na joto lililoletwa na kitu kingine, kwa hiyo ukiibadili peke yake umetibu jeraha ukamwacha aliyepiga.

Injini ikiwa baridi kabisa, fungua mfuniko, jaza maji mpaka shingoni, washa. Mapovu machache mwanzoni ni hewa ya kawaida. Mapovu yasiyoisha, yanayoongezeka ukiongeza mwendo, ni moshi wa silinda unaopenya kwenye njia ya maji. Funga mfuniko, na ukiona mpira wa juu umekuwa mgumu kama jiwe ndani ya dakika ya kwanza, wakati maji hayajapata hata uvuguvugu, ushahidi umetimia. Dalili nyingine: moshi mweupe usioisha wenye harufu tamu, plagi iliyooshwa ikawa safi kupita kawaida, maji yanayopungua bila tone popote. Moshi mweupe wa asubuhi ya Njombe unaopotea injini ikipata joto ni unyevu tu, usimfungulie mtu hedi.

Oili yenye rangi ya chai ya maziwa kwenye kijiti maana yake maji yameingia. Inaweza kuwa gasketi, inaweza kuwa sili za pampu. Usiwashe tena, mwaga. Utando mdogo wa maziwa chini ya kifuniko cha oili pekee, kwa pikipiki ya safari fupifupi, ni unyevu.

Hedi ikifunguliwa, ilazie rula ya chuma iliyonyooka na upitishe fila geji (vibati vyembamba vya kupimia mwanya) chini yake. Kwenye injini nyingi, ukiingiza ya milimita 0.05 ikapita, hedi imepinda na inapelekwa kuchongwa. Gasketi mpya juu ya hedi iliyopinda haitadumu. Bolti kaza kwa mkingamo, kwa awamu, kwa toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) na vipimo vya injini husika, siyo kwa nguvu za bega.

Maji yako sawa, lakini joto liko palepale

Jeti (tundu dogo la kupitisha petroli) ya kabureta iliyoziba nusu, au hewa inayopenya kwenye mpira wa kabureta, inafanya petroli iwe haba na moto uwe mkali. Nyunyiza petroli kwenye maungio? Hapana, utawasha moto. Nyunyiza maji kidogo kwenye mpira huo injini ikiwa kwenye mlio wa chini. Mlio ukibadilika, hapo panavuta hewa. Taimingi iliyochelewa na oili iliyopungua nazo zina mchango wake. Ikiwa geji inasema moto lakini huoni presha kwenye mipira wala feni haijaona sababu ya kuwaka, pima kwa infraredi kabla hujaamini geji. Sensa nazo huzeeka.

Maji gani, na yanajazwaje

Mfumo wa pikipiki unabeba lita moja hadi mbili hivi. Ni kiasi kidogo, na nusu lita ikipotea ni pengo kubwa.

Kulanti ya ethilini glaikoli nusu kwa nusu na maji yasiyo na madini ndiyo kawaida. Huku kwetu haiwekwi kwa ajili ya barafu. Inawekwa kwa sababu inazuia kutu, inalainisha sili ya pampu na inapandisha kiwango cha kuchemka. Maji yenyewe nunua yale ya betri, yaliyosafishwa, na usome chupa mara mbili: kwenye rafu hiyohiyo kuna asidi ya betri. Maji ya mvua yaliyokingwa safi ni bora kuliko ya kisima. Rangi ya kulanti haikuambii ubora wake, kuna chupa zinauzwa ambazo ni maji na rangi tu. Usichanganye aina mbili usizozijua, zinaweza kuganda ndani. Badili kila miaka miwili. Na ya zamani usiimwage uani: ni tamu, ni sumu, na mbwa, mbuzi au mtoto ataionja.

Kujaza, weka pikipiki mahali ambapo shingo ya rejeta iko juu kuliko sehemu nyingine zote. Guta lisimamishe mbele ikiangalia mlima. Legeza bolti ya kutolea hewa kama ipo, mara nyingi iko kwenye nyumba ya thamostati au juu ya pampu. Mimina taratibu, kwa mkondo mwembamba, huku ukibinyabinya mipira kwa mkono. Maji yakianza kutoka kwenye bolti bila mapovu, kaza. Washa injini mfuniko ukiwa wazi, acha mlio wa chini, ongeza mwendo kidogo mara kadhaa. Kiwango kitashuka, ongeza. Thamostati ikifunguka kitashuka tena kwa ghafla na mpira wa rejeta utapata moto. Ongeza, funga mfuniko kabla maji hayajaanza kufurika, jaza chupa ya akiba mpaka katikati ya mstari wa chini na wa juu.

Subiri feni iwake yenyewe na izime yenyewe, angalau mara moja, kabla hujampa mtu pikipiki yake. Kesho yake asubuhi, injini ikiwa baridi, fungua mfuniko utazame kiwango. Kikishuka kidogo mara ya kwanza ni hewa iliyokuwa imebaki, ongeza. Kikishuka tena asubuhi ya pili na hakuna tone chini, rudi kwenye jaribio la mapovu.